Lile pande la mtu

Kabla hajaiona London, baba aliona sinema za Rank akiwa Mombasa. Hadi leo anamkumbuka yule pande la mtu aliyepiga upatu mwanzoni. Jina? Hajui.

Ni Ken Richmond, mwanamieleka wa uzito wa juu, mzaliwa wa hapahapa London. Alishindana Olimpiki nne, 1948 hadi 1960: shaba Helsinki 1952, na dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Vancouver 1954. Mieleka ya ridhaa, bila mshahara. Upatu wenyewe ulikuwa bandia. Mlio aliupiga James Blades.

Nikamsimulia baba. Akacheka. “Na mimi je? Huku wananijua dereva wa basi.”

Kwao alikuwa mwalimu wa hesabu. Haya, waulizeni wazee wenu walikuwa nani kabla ya hizo sare.