Mizani ya Gari, Mizani ya Shairi

Marehemu baba alituachia Toyota Corolla AE86. Ndugu yangu alitaka kuigeuza gari la mbio za uwanjani. Nami, mtunzi, nikawa mshika spana wake. Ili kuipunguzia uzito, tuling'oa kiti cha nyuma, zulia na redio. Kisha likaja suala la injini. Yeye aliitamani 2JZ ya lita 3 na silinda 6. Fundi akakataa: nguvu ingeongezeka, lakini injini hiyo ingeyalemea magurudumu ya mbele, gari likaidi kukata kona. Tukaibakisha 4A-GE ya asili: lita 1.6, silinda 4, valvu 16.

Usiku ule nililirudia shairi la kumwomboleza baba, lililonishinda mwaka mzima. Kila mshororo ulitimiza mizani 16, ila nyingi zilikuwa za "hakika" na "kwa yakini", abiria wasio na kazi. Mwanzoni nilikuwa nimepachika neno zito la kamusini, likaulemea ubeti mzima. Nikaling'oa. Mahali pake nikaeleza jinsi baba, akirudi usiku, alivyoufunga mlango wa gari polepole asituamshe. Mizani zikatimia tena. Safari hii nililia.