Tununue Nyingine Kama Ile?

Akina mama wenzetu, mtatucheka mkisikia kwamba nyumba yetu hapa Masasi nusura ikose amani kwa ajili ya gari la milango miwili. Lakini tunadhani wengi wenu mnacho kitu cha namna hiyo nyumbani, hata kama si gari.

Lenyewe ni Toyota Celica jekundu, fupi kwa kimo, lililotumika kwanza Japani. Tulilinunua Dar es Salaam mwaka 2009. Baba watoto alilitamani tangu akiwa mvulana, alipokuwa akisikiliza habari za Safari Rally redioni. Celica ilishinda mashindano hayo mwaka 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1994 dereva wa Kenya, Ian Duncan, akashinda nayo tena. Mwulizeni tarehe za ubatizo wa watoto wake, atakuna kichwa. Miaka hiyo ataitaja bila kusita!

Tusimsingizie peke yake. Tulilipenda sote wawili. Jumapili nyingine baada ya ibada tulipanda nalo hadi Newala, tukaliegesha karibu na Shimo la Mungu, tukakaa kutazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo hadi jua linazama. Fedha za zamu za usiku ziliishia kwenye petroli, wala hakuna aliyenung'unika.

Lakini barabara ya udongo ya kupanda Newala haikulihurumia: mchanga wakati wa kiangazi, utelezi wakati wa masika. Tumbo la gari lile karibu liguse ardhi. Ekzosi iling'oka mara mbili. Mara moja jiwe lilipasua sampu, oili yote ikamwagika, nasi tukangoja spea zije kwa basi kutoka Dar es Salaam. Mwaka jana injini ikanoki kabisa.

Wakati huo tulikuwa na fedha za korosho. Baba watoto akasikia kwamba Dar es Salaam inauzwa Celica nyingine, ya toleo la mwisho. Tulikubaliana jioni ile ile, kabla chakula hakijapoa, na hilo ndilo linalotuaibisha. Hatukuuliza ada ya binti yetu anayetaka kwenda chuo cha uuguzi. Hatukuhesabu hata kwamba Toyota waliacha kutengeneza Celica mwaka 2006, kwa hiyo hiyo "mpya" nayo ilikuwa imezeeka. Tulikuwa kama watoto walioahidiwa nguo za Krismasi.

Usiku wa kuamkia safari, fedha zikiwa tayari zimefungwa kwenye kitambaa, baba watoto hakulala. Mwishowe akauliza gizani, "Mama, usiku ule, mkono wako ulikuwa unafika?"

Hakuhitaji kueleza ni usiku gani. Miaka kadhaa nyuma tulikwenda kutembelea wagonjwa katika kijiji kimoja cha Newala pamoja na akina mama wa kanisa. Giza lilipoingia tukaitwa kwa mama aliyejifungulia nyumbani, anatoka damu nyingi. Gari lililokuwapo ni letu tu. Kiti cha nyuma hakikumwezekana, kwa kuwa kukifikia ni kujipenyeza kwa kujikunja. Tukamlaza kiti cha mbele, na mtoto wake tukamfunga kwenye kitenge. Mmoja wetu ni muuguzi, naye ndiye anayeandika haya. Alikaa nyuma, magoti kidevuni, akinyoosha mkono mmoja juu ya kiti ili ausugue mji wa mimba ukaze. Katikati ya njia tukanasa mchangani. Vijana wa kijiji wakatusukuma. Mama yule alifika hospitali akiwa hai, namshukuru Mungu, na mtoto yule sasa anasoma shule ya msingi. Hatukuwahi kuuzungumzia usiku ule. Kila mmoja alidhani mwenzake amesahau.

Jibu lilikuwa, "Haukufika vizuri, Baba."

Asubuhi hakusafiri. Msidhani mambo yaliishia hapo. Kwa wiki nzima tulivutana, na aliyechelewa kukubali hakuwa baba watoto. Ni mama huyu huyu muuguzi, ambaye alikuwa ameshajiona akishuka mlangoni pa kanisa kutoka kwenye gari jekundu lisilo na kovu.

Tulinunua Probox iliyotumika. Kiti cha nyuma kikilazwa, mgonjwa ananyooka, na muuguzi anapata pa kupiga magoti. Baba watoto analiita kabati. Fedha zilizobaki zimelipa muhula wa kwanza wa binti yetu.

Celica liko chini ya mwembe, kuku wanatagia ndani. Jumamosi baba watoto bado analipangusa. Wiki iliyopita alikuja mtu akitaka kununua rimu zake nne. Tukatazamana, tukamwambia apite tena mwezi ujao.