Mashine ya nyasi na avokado za Mama

Leo hakuna programu, hakuna simu mpya, hakuna intaneti. Leo ni mashine ya kukata nyasi. Msinicheke, kwa sababu mashine hii imenitia hasara kuliko kompyuta yoyote niliyowahi kuiharibu, na hasara yenyewe haikuwa yangu.

Mama yangu anaishi Subukia, kaunti ya Nakuru, kwenye ekari moja na nusu. Ana ng'ombe mmoja, kuku, sehemu ya mahindi, na sehemu ya chini ambayo Aprili 2022 alipanda miche 40 ya avokado aina ya Hass, ile iliyopandikizwa. Pesa za miche zilitoka kwa mtamba aliyemuuza. Mpango wake ulikuwa kwamba miti ikianza kuzaa, yaani baada ya miaka mitatu hivi, atakuwa na pesa zake na hatangoja mtu wa Nairobi amtumie kwa simu. Mtu huyo wa Nairobi ni mimi.

Mnakumbuka mvua za El Niño za mwisho wa 2023. Kila kitu kiliota. Kishonanguo kilinifika kiunoni, mubangi ukanipita kichwa, na chini yake sangari ikatandaza mizizi yake kama nyaya za umeme kwenye jumba bovu. Asubuhi moja mwezi wa Novemba Mama alikuwa anaenda kukamua, ndoo mkononi, akamwona kifutu amelala katikati ya njia. Kwa wasiomjua kifutu, huyo ni nyoka mnene, mfupi, rangi ya majani makavu, na ubaya wake ni kwamba hakimbii. Anajua hujamwona, kwa hivyo anatulia hadi umkanyage. Mama alinisimulia kwa simu kama mtu anayetoa bei ya viazi. Mimi sikulala.

Nyasi hizo zilikuwa kazi ya Baba Njeri, jirani ambaye amefanya kibarua kwetu tangu niko shule ya msingi. Baba Njeri na slasha yake walimaliza boma lote kwa siku nne au tano. Shida ni kwamba kwa mvua ile, akifika chini, juu kumeota tena. Nikaangalia jambo hilo kwa macho ya mwandishi wa programu: kazi inaingia kwenye foleni haraka kuliko inavyotoka. Dawa ya foleni kama hiyo ni mashine yenye nguvu zaidi. Ndivyo nilivyofikiri.

Sasa niwaeleze mashine yenyewe. Wengi mmeona ile ya kuvaa begani, yenye mpini mrefu na uzi wa nailoni unaozunguka kwenye ncha. Hii ni ndugu yake mkubwa. Ina magurudumu mawili makubwa, injini juu, mipini ya kushika kama ya mkokoteni, na kichwa cha nyuzi kiko mbele chini. Unatembea nyuma yake ukiisukuma. Niliinunua ikiwa imetumika tayari, kwa mtu wa Nanyuki aliyekuwa anauza vitu vyake, kwa sababu madukani si rahisi kuiona.

Tofauti si magurudumu tu. Ile ya begani kwa kawaida injini yake ni ya mipigo miwili, kwa hivyo unachanganya oili ndani ya petroli, na ukikosea kipimo unaiua. Hii ni ya mipigo minne: petroli kwake, oili kwake, kama gari. Uzito wote uko chini kwenye magurudumu, mgongo wako unapumzika, na uzi wake ni mnene, karibu milimita 4 badala ya 2.4. Hauutoi kwenye kigurudumu kwa kugonga chini. Unakata vipande na kuvifunga mwenyewe kichwani, vikiisha unafunga vingine.

Kinachonivutia ni jinsi kitu laini kinavyokata. Uzi ukiwa umelala unaweza kuufunga fundo kwa vidole. Ukizungushwa, nguvu ya mzunguko inauvuta nje hadi unasimama kama fimbo. Nilipiga hesabu: kichwa kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na mduara wa ukataji ukiwa sentimita 55, ncha ya uzi inasafiri mita 86 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kaeni na nambari hiyo, tutairudia.

Aliyebuni wazo la uzi ni Mmarekani George Ballas, wa Houston, Texas, mwaka 1971. Alikuwa na shule za kufundisha densi, hakuwa fundi wa mashine. Siku moja alikuwa ndani ya gari likioshwa na zile brashi zinazozunguka, akaona zinasafisha bila kukwaruza rangi. Akarudi nyumbani, akachukua mkebe wa bati, akautoboa, akapitisha nyuzi za nailoni, akaufunga kwenye mashine na kuuzungusha. Alichokitaka ni kukata nyasi kuzunguka miti yake bila kuumiza gome. Niliposoma hayo mara ya pili, baada ya yote yaliyotokea, ilibidi nifunge kompyuta nitembee kidogo.

Januari 2024, Jumamosi, nilifika Subukia na mashine kwenye pikapu ya kukodisha. Nilikuwa nimempigia Baba Njeri nikamwambia asije, kazi nitafanya mwenyewe. Nilisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayempa mwenzake likizo. Yeye alijibu tu, "Sawa kijana," na likizo hiyo haikuwa na mshahara. Sikufikiria.

Niseme ukweli, siku hiyo ilikuwa tamu. Buti, suruali nzito, miwani, nikavuta kamba mara tatu, ikaunguruma. Njia ya kwenda kwa ng'ombe ilisafishwa kwa dakika kumi. Mubangi ule mrefu ulilala mbele yangu kwa mistari, haukusagwa, umelala tu. Kando ya ua niligundua kwamba mawe ni adui, kwa sababu uzi unaokwenda kasi ile hurusha kokoto mbali sana, na moja ilipiga mabati ya jikoni Mama akatoka akishika kichwa. Kwenye mteremko nilijifunza kwenda kwa kukingama badala ya kupanda na kushuka, na kutoilaza sana upande mmoja, maana oili inakimbilia huko na injini inabaki ikizunguka kavu. Vichujio vya hewa vilijaa vumbi na mbegu za kishonanguo kila baada ya saa moja.

Uzi uliisha saa saba mchana. Kwenye duka la vifaa kuna wa milimita 2.4 na 3 tu, wa zile za begani. Fundi mmoja wa pikipiki akanishauri nifunge waya wa klachi, eti hautaisha kamwe. Tafadhali, msifanye hivyo hata mkibembelezwa. Kipande cha chuma kikikatika kwa kasi niliyowatajia kinakuwa risasi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2012 vile vichwa vya minyororo ya chuma vya mashine hizi baada ya mtu kufa. Nailoni ikikatika inauma, lakini utakwenda nyumbani. Nilitumia ule wa milimita 3, ukawa unakatika kila mara, nami nikaanza kuwa na haraka. Nilikuwa nimebakiza sehemu ya avokado.

Miti ilikuwa imefika kifuani mwangu, shina kama kidole gumba, na nyasi zimeikumbatia hadi chini. Kichwa cha mashine kimetokeza mbele ili uweze kufika karibu kabisa na kitu. Nikafika karibu kabisa na kitu. Kila nilipopita kwenye mti nilisikia mlio mdogo, kama kiboko kikigusa ubao, nikaona mti umesimama vilevile, majani ya kijani, nikaendelea. Jioni nilipiga picha shamba lote likiwa safi kama uwanja wa mpira, nikawatumia ndugu zangu wote.

Jumatatu Baba Njeri alipita njiani, akasimama kwenye ua akaangalia muda mrefu. Mama ndiye aliyeniambia alichosema: "Hii mashine ni nzuri. Lakini haina macho."

Mwezi wa Machi Mama alinipigia simu kwa furaha. Miti kadhaa ilikuwa imetoa maua, tena mengi, hata matawi hayaonekani. "Kuja uone, imeweka maua kama imerogwa." Alianza kuhesabu kilo. Nami nikahesabu pamoja naye, nikajisifu kwamba ni kwa sababu nyasi hazinyonyi tena chakula cha miti.

Ninyi mnaoandika programu mnajua aina ya kosa ambalo halitoi ujumbe wowote. Mfumo unaendelea kufanya kazi, hata unaonekana kuwa na kasi zaidi, kumbe kuna kitu kimekatika nyuma. Mti una njia mbili. Maji hupanda kupitia ndani ya mbao, na sukari inayotengenezwa na majani hushuka kupitia gome kwenda kulisha mizizi. Ukikata gome duara zima, hata kwa upana wa uzi tu, maji yanaendelea kupanda, majani yanabaki mabichi, lakini sukari inakwama juu. Sukari hiyo iliyokwama ndiyo iliyotoa yale maua. Wakulima wengine wa avokado hukata gome la tawi moja makusudi ili lizae zaidi. Mimi nilikuwa nimekata shina. Mizizi ilikuwa inakufa njaa chini ya mti unaochanua.

Mwezi wa Mei majani yalianza kupauka na kujikunja. Mama alidhani ni maji mengi, maana mvua za mwaka huo nazo zilikuwa za mafuriko, na avokado mizizi yake huoza ikikaa kwenye maji. Aliyegundua ni Baba Njeri. Alipiga goti, akaondoa nyasi kwa mkono, akamwonyesha Mama pete ya kahawia kwenye shina, upana wa kidole kutoka chini, na uvimbe juu ya pete hiyo. Akatembea mti kwa mti. Kumi na moja ilikuwa na jeraha. Miwili jeraha halikuzunguka shina lote, hiyo ilipona. Tisa ilikauka.

Nilisafiri usiku uleule. Nilikuwa nimejiandaa kuelezea: uzi mwembamba, haraka, nyasi ndefu. Mama alinikaribisha chai. Aliniuliza kama barabara ilikuwa nzuri. Hakutaja avokado hadi nilipotaja mimi, na hapo alisema tu, "Baba Njeri angefika hatua moja karibu na mti angeweka slasha chini, ang'oe kwa mkono. Siku zote anafanya hivyo." Basi. Sijawahi kutamani kugombezwa kama siku ile.

Mti mmoja kati ya ile tisa ulichipua tena kutoka chini, Mama akafurahi. Ilibidi nimwambie hiyo si Hass. Chipukizi lilikuwa limetoka chini ya kiungo cha kupandikizia, kwa hivyo lililofufuka ni shina la kienyeji. Ameukataa kung'oa. Anasema na wenyewe ni mti.

Mashine ipo bado, na bado naitetea. Kwa njia, kwa ua, na kwa sehemu wazi kati ya mistari, sijaona kitu bora zaidi, na tangu tuanze kuitumia hajaonekana kifutu karibu na nyumba. Lakini inatumika tofauti. Kila mti una duara la mita moja kila upande ambalo mashine haliingii kamwe, limewekewa vigingi vilivyopakwa rangi nyeupe, na shina limevikwa kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa. Ndani ya duara ni mikono ya Baba Njeri, si hata jembe, kwa sababu mizizi ya avokado inayokula iko juujuu. Siku za mashine na siku zake zote zinalipwa. Hilo la malipo nilimwambia mwenyewe, nikiwa nimesimama, yeye ameketi.

Tumebadilisha wakati pia. Kishonanguo kimoja kinatoa mbegu elfu kadhaa, kwa hivyo kukikata baada ya mbegu kukauka ni kukipanda. Sasa tunakata kikianza tu kutoa maua. Sangari haijali, uzi unanyoa juu na mizizi inacheka chini, hiyo ni ya kuchimbua na kuanika juani. Nyasi zilizokatwa kwa mashine Mama hamlishi ng'ombe, kwa sababu ya vipande vya nailoni vinavyobaki ndani yake. Hilo aliliona mwenyewe siku ya kwanza, nikiwa napiga picha.

Uzi wa milimita 4 naagiza mapema, nauloweka kwenye ndoo ya maji usiku mzima kabla ya kazi, maana nailoni kavu inakatika kama tambi.

Aprili 2025 tulipanda miche tisa mipya. Pesa zilikuwa zangu, mashimo yalikuwa ya Baba Njeri. Ile mingine imeanza kuzaa. Hii tisa ni mifupi kuliko wenzake, ukisimama kwenye ua unaiona bila kuonyeshwa.