Likizo Newala na Mume Aliyenyamaza

Mpenzi msomaji, kwa kawaida ukurasa huu hukuambia hoteli ipi ina kitanda kizuri na ufuo upi wa kumpeleka mwenzi wako. Mwezi huu unisamehe. Newala hakuna bahari, na hoteli sikulala, nililala kwa mama mkwe. Tena hatukwenda kula raha. Tulikwenda kwa sababu mume wangu alikuwa na miezi minne haongei.

Siyo kwamba alikuwa bubu. "Umeshindaje" ilikuwepo, "chumvi iko wapi" ilikuwepo. Lakini tangu alipopunguzwa kazini alikuwa anaamka saa tisa usiku na kukaa sebuleni taa zimezimwa. Mimi na digrii yangu ya mawasiliano (cheka tu, hata mimi nimeshacheka) nilishindwa kuwasiliana na mtu mmoja wa kitandani mwangu. Nikadhani ana mwanamke. Nikapekua simu, sikukuta kitu, na kwa kweli ningefurahi kukuta kitu, maana angalau ningejua ugomvi unaanzia wapi.

Siku moja mwezi wa Novemba akasema, "Nataka nikaione mikorosho." Basi. Nikaomba likizo kazini, tukafunga mizigo.

Mabasi ya kusini yanaondoka Mbagala alfajiri, na ukishapita Daraja la Mkapa pale Rufiji unakuwa umeingia dunia nyingine. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko, na masika ilikuwa bahati yako kufika. Ukifika Mingoyo, nje ya Lindi, Mtwara unaiacha upande wake nawe unakamata njia ya Masasi. Unapita Ndanda, kwenye abasia ya Wabenediktini na hospitali yao, halafu jioni unaanza kuona mawe.

Mawe ya Masasi hayana mpango. Nchi imelala tambarare, halafu ghafla mlima mzima wa jiwe umesimama kama mgeni asiyekaribishwa. Chini ya mawe hayo ndipo Askofu Edward Steere alipofika mwaka 1876 na kundi la watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar, wakaanzisha makazi ya misheni. Wilaya hii hii ndiyo ya Lupaso, kijiji alichozaliwa Rais Benjamin Mkapa na alikozikwa mwaka 2020. Tulilala gesti ya mjini, tukala kuku na ugali wa muhogo. Mpaka hapo mwenzangu alikuwa amesema maneno yasiyofika ishirini tangu Dar. Nilihesabu.

Asubuhi tukapanda gari kwenda Newala, na hapa ndipo uzuri ulipo. Gari linapanda ukingo wa uwanda wa juu, hewa inabadilika, unatafuta sweta. Huko juu mchanga unakunywa mvua yote, hakuna mto. Mjerumani mmoja mtafiti, Karl Weule, alikaa Masasi na Newala mwaka 1906, akashangaa watu wanaoishi mbali hivyo na maji, wakishuka mabondeni kuyateka na kupanda nayo kichwani. Sababu ilikuwa vita. Wavamizi wa Kingoni na wakamata watumwa walipita chini kwenye maji, basi watu wakakimbilia juu vichakani. Mradi wa maji wa Makonde, wa kuyasukuma kwa pampu hadi juu, ulikuja miaka ya 1950. Mimi ninavyoisoma historia hiyo, hawa ni watu waliochagua kubeba ndoo kilometa nyingi ili usiku walale bila hofu. Sisi wa mjini tunafanya kinyume: maji bombani, usingizi hakuna.

Mama mkwe alitupokea uani. Nikapiga goti, "Shikamoo mama," akaitikia, akanishika mkono. Kisha akamtazama mwanawe, kama dakika nzima hivi, akaniuliza mimi badala ya kumuuliza yeye: "Mwanangu, mwenzio huyu ana mawazo tangu lini?"

Miezi minne mimi nilikuwa napekua simu. Yeye alitumia dakika moja.

Jioni tukichambua mboga nikamuuliza alijuaje. Akacheka. Akasema hapa watu wanaangaliana. Mtu asipoonekana bombani siku mbili, ataulizwa. Mwanaume aliyezoea kukaa kwenye kahawa akikosekana, kuna mtu atapita nyumbani kwake akisingizia kuomba moto. Ndivyo baba mkwe, Mungu amrehemu, alivyogunduliwa mwaka 2018.

Msomaji, kama hukumbuki mwaka huo, hapa wanaukumbuka. Msimu uliotangulia korosho ilikuwa imepanda hadi shilingi 4,000 kwa kilo na kupita. Oktoba 2018 minada ilipofunguliwa bei ikawa chini sana, na wakulima wa Newala na Tandahimba wakakataa kuuza. Novemba, Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 na jeshi likaja kusomba. Wapo waliolipwa mapema, wapo waliosubiri hadi mwaka uliofuata, huku wenye madeni ya salfa na ada za shule wakidaiwa kila siku. Baba mkwe alikuwa miongoni mwa waliosubiri. Akawa anakaa chini ya mkorosho tangu asubuhi, chakula hali. Hakusema anaumwa. Alisema kichwa kizito. Jirani ndiye aliyemwita mjomba, maana kwa Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama na mjomba ni mtu mzito, na huyo mjomba akahamia hapo wiki tatu. Walikuwa wanalima pamoja, basi.

Nisikudanganye lakini, siyo kila kitu kijijini ni asali. Kuangaliana kuna upande wake mwingine. Jambo likizidi mawazo ya kawaida, mtu akianza kusikia sauti au kutembea usiku, maneno yanageuka kuwa karogwa, na safari ya kwa mganga inaanza, na hospitali inakumbukwa baadaye sana, pengine mtu keshafungwa kamba. Halafu kuna msimu wenyewe. Novemba Newala yote inanuka mabibo, na mabibo yanatoa uraka, na uraka ukipikwa unatoa nipa. Pesa ikiingia kuna mabwana wanaongeza mke. Pesa ikiisha Machi, talaka. Wifi yangu alinihadithia hayo kwa kicheko, lakini yeye mwenyewe aliolewa msimu na kuachwa kiangazi, na sikuona kama macho yake yanacheka.

Wifi ndiye aliyenipeleka kwa rafiki yake, muuguzi wa zahanati. Nilitaka kujua: serikali inajuaje watu wa huku wana hali gani moyoni? Malaria tunaijua, upungufu wa damu tunaujua. Hili je?

Akaniambia kuhusu vitabu vya MTUHA, ule mfumo wa taarifa ambamo kila anayetibiwa anaandikwa na mwisho wa mwezi hesabu zinapelekwa wilayani. Magonjwa ya akili yana nafasi yake humo, kifafa pia. "Tatizo dada," akasema, "kitabu kinamhesabu aliyeingia mlangoni, na kinaandika alichokisema. Mtu mwenye mawazo hasemi ana mawazo. Anasema kichwa, mgongo, moyo unaenda mbio. Mimi nampa panado, naandika kichwa." Akaongeza kwamba kwa macho yake maumivu ya kichwa ya huku yana msimu: yanazidi pesa ikichelewa na yanazidi tena pesa ikiisha.

Sentensi hiyo nimeibeba hadi Dar. Ukisoma hesabu tupu za aina hiyo utaona wagonjwa wa akili wachache, ufurahi. Kumbe wamejificha kwenye mstari wa kichwa.

Nchi yetu haikuanza jana kulifikiria jambo hili. Miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa taifa wa afya ya akili, ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, ukajaribiwa Morogoro na Kilimanjaro ili wagonjwa watibiwe kwenye vituo vya kawaida badala ya wote kupelekwa Mirembe, Dodoma. Miaka ya 2000 shirika la BasicNeeds la Uingereza lilifanya kazi hapa hapa mkoani Mtwara. Jambo lililonivutia kwao ni kwamba walianza kwa kuwakalisha wagonjwa na ndugu zao na kuwauliza wanataka nini, na pamoja na dawa wakahangaikia kipato, maana mtu akipona bila kazi anarudi pale pale. Mwenye mume aliyepunguzwa kazini hahitaji kufafanuliwa hilo.

Na kuhusu kuuliza, wenzetu wa Zimbabwe wametuonyesha kitu. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kule Mbare, Harare, na bibi 14. Bibi anakaa kwenye benchi nje ya kliniki, mtu anakuja, anaulizwa maswali 14 kwa Kishona, likiwemo la kufikiri kupita kiasi, jambo ambalo wao wanaliita kufungisisa. Halafu wanachagua tatizo moja na kulitafutia njia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopita benchini walikuwa nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida, na benchi hilo limefika hadi Zanzibar. Hapa kwetu Profesa Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walishafanya kazi ya kupima maswali ya namna hiyo kwa Kiswahili, kuona kama yanamkamata kweli mwenye sonona. Kwa hiyo maswali tunayo. Mabibi, Newala wamejaa.

Tunakosa kuwaunganisha. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo ni zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, wawili kila kitongoji. Watapita mlango kwa mlango kuuliza chanjo, choo, chandarua. Mimi siyo daktari, lakini wakiwa tayari wako mlangoni, ningependa waulize na mawili haya: katika wiki mbili zilizopita, mara ngapi hukuwa na hamu wala raha ya kufanya kitu? Mara ngapi ulijisikia mnyonge, umekata tamaa? Ndiyo maswali ambayo madaktari duniani wanaanza nayo. Majibu yakikusanywa kitongoji kwa kitongoji, mwezi kwa mwezi, kuna mtu wilayani ataiona Machi kabla haijafika, na atajua aongeze muuguzi wapi.

Muuguzi yule alinipa karatasi yenye maswali hayo. Nikaiweka kwenye pochi, sikujua nitaitoaje.

Siku ya nne tulikwenda Shimo la Mungu. Usifike Newala ukaacha kufika. Ardhi inakatika miguuni pako, bonde linashuka na kushuka, mbali kabisa kuna Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji, yote ya bluu. Upepo unakupiga hadi unashikilia khanga. Tulikuwa na ming'oko ya kuchemsha kwenye mfuko. (Samaki nchanga sikula, nasema mapema. Jina linakudanganya ni samaki, kumbe ni panya wa shambani. Mume wangu alikula wawili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumuona anakula kwa hamu.)

Nikatoa karatasi. Nikamwambia, "Baba watoto, kuna maswali mawili, mi nitajibu kwanza." Nikajibu. Nilipofika la pili nikajikuta nalia, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango.

Akaichukua. Akajibu la kwanza: karibu kila siku. La pili: karibu kila siku. Halafu akaniambia, akiangalia Msumbiji, kwamba usiku ule sebuleni alikuwa anapiga hesabu ya bima ya maisha, sisi tungepata kiasi gani akiwa hayupo.

Msomaji, sikuwa najua la kusema. Nilimshika mkono wa shati. Muuguzi alikuwa amenionya kwamba nikisikia jambo la namna hiyo nisimwache peke yake, nisimhubirie, twende hospitali siku ile ile. Na duniani, wanaume wanaokufa kwa mkono wao ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, hilo nilikuwa nalijua tangu zamani kwa kulisoma kazini, na halikunisaidia hata siku moja kumtambua wangu.

Tulikwenda jioni ile. Alionana na daktari faragha karibu saa nzima, akapewa dawa na barua ya kuendelea na kliniki Dar. Mjomba alikuja usiku bila kuitwa na mtu ninayemjua, amebeba mkeka wake. Hawakuzungumza chochote kikubwa. Alfajiri nikawakuta wote wawili wako shambani wanaokota korosho, wanabishana kama kilo zitafika ngapi, na mume wangu alikuwa anasema zitazidi hapo.

Kliniki ni Alhamisi. Tunakwenda wote, na ile karatasi tumeibandika jikoni, tunajibu kila Jumapili, yeye kwa kalamu ya bluu, mi kwa nyekundu.