Ndege ya Kwenda Harusini Ngazija

Mtoto wa dada yangu anaolewa Ngazija, na familia tumekubaliana kukodi ndege ndogo. Unguja hadi Moroni ni zaidi ya kilomita 700, na karibu njia nzima ni bahari.

Cessna Caravan tunaijua, ndizo zinazotupeleka Pemba, lakini ina injini moja. Ikizima, ndege hushuka polepole, na chini ni maji. King Air ina mbili. Moja ikizima, nyingine huweza kukufikisha nchi kavu. Ni ghali zaidi. Tumeichagua hiyo, tukapunguza mapambo ya ukumbi.

Kisha uzito. Viti vikijaa watu na matangi yakijaa mafuta, masanduku yote hayapandi. Ukiulizwa kilo zako, dada, sema kweli, usione haya. Zawadi nzito zitangulie kwa meli. Na jaketi la kuokolea usilijaze upepo ukiwa bado ndani ya ndege. Maji yakiingia litakuzuia kutoka.

Bibi anasema ajali haina kinga. Kweli, lakini tawakali huja baada ya kumfunga ngamia. Dua ya safari tutaisoma mikanda ikiwa imeshafungwa, inshaallah.