Usiniulize Kodi, Niulize Bili ya Agosti

Binamu yangu aliyeko Columbus, Ohio, kanirushia video ya kijana wa kwetu anayewahimiza watu wahamie Texas. Sababu zake ni mbili: nyumba ni rahisi, na jimbo halikati kodi ya mapato. Yote mawili ni kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nimekaa Houston kabla ya kuhamia Minneapolis, na najua kijana yule kanyamazia nini. Kanyamazia bili.

Houston umeme unachaguliwa kama kitambaa kwenye soko la Darajani, kwetu Unguja. Soko limefunguliwa tangu 2002, na makampuni chungu nzima yanakuuzia umeme uleule unaopita kwenye waya zilezile, kila moja na bei yake na masharti yake ya maandishi madogo. Mpango niliopewa mimi ulikuwa wa kurudishiwa dola 100 mwezi wowote nitakaofikisha uniti 1,000. Ikaja Aprili, hali ya hewa nzuri, nikabana kama mama alivyotulea: taa zimezimwa, nguo nimeanika bafuni. Nikaishia uniti 960. Jirani yangu, ambaye kila kitu kwake kinawaka usiku kucha, alivuka 1,000 akarudishiwa zake, na mimi niliyebana nikalipa zaidi yake. Wallahi mpaka leo sijui ni hesabu gani hiyo ya kumtoza zaidi anayetumia kidogo.

Na Agosti hakuna cha kubana. Joto linapita nyuzi 35, jengo lenyewe mbao na jasi, dari karibu uiguse, na kiyoyozi hakipumziki tangu Mei mpaka Septemba. Nyumba ya bibi yangu kule Mkunazini, Unguja, ina kuta nene za mawe na chokaa, dari iko juu huko, na upepo unaingia dirishani na kupandia uani. Bibi analala adhuhuri ya Februari bila feni. Waliojenga ile nyumba walijua wanajenga wapi. Houston nilikuwa nalipia, kila mwezi, uvivu wa mjenzi.

Halafu kuna suala la gridi. Sehemu kubwa ya Texas imejitenga kwa hiari yake, ina gridi yake peke yake, na njia za kuvutia umeme kutoka majimbo mengine ni chache mno. Sisi Unguja, kisiwa cha kweli, tunategemea waya unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Ras Fumba. Ule wa zamani, wa 1980, ulitutupa mkono Disemba 2009, tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Wa sasa, wa megawati 100, ukaja 2013. Nani wa rika langu hakumbuki majenereta yakinguruma vichochoroni? Lakini ile ilikuwa shida ya watu wote, na hakuna aliyeletewa bili ya giza. Baridi ya Februari 2021 ilipoikumba Texas, mamilioni walikatikiwa umeme, zaidi ya watu 200 wakafa, na uniti moja kwenye soko la jumla ikafika dola 9. Waliokuwa kwenye mipango inayofuata bei ya soko wakapelekewa bili za maelfu ya dola. Kwenye video ya yule kijana hilo halimo.

Huku Minneapolis nako kodi ya nyumba imenizidi, na jimbo linakata kuanzia asilimia 5.35 ya mapato, wenye nacho mpaka 9.85. Januari ni baridi ya kukausha pua. Ila jengo langu ni la matofali ya zamani, maji ya moto yanazunguka kwenye mabomba mazito ya chuma yaliyo chini ya dirisha, na joto hilo limo ndani ya kodi ya nyumba. Sheria inamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyuzi 20 tangu Oktoba mpaka mwisho wa Aprili. Amana niliyoweka itarudi ndani ya wiki tatu nikihama, pamoja na nyongeza ya asilimia 1 kwa mwaka.

Hiyo nyongeza nilimhadithia mama. Kwanza akaniuliza kama si riba. Kisha akanyamaza kidogo: "Yaani mwenye nyumba akulipe wewe?" Namwelewa. Dada yangu juzi kapanga vyumba viwili Mwanakwerekwe: miezi sita mbele, mwezi mmoja wa dalali, na mita moja ya tukuza, umeme wa kulipia kabla, kwa wapangaji watatu. Kila uniti zikiisha unaanza ugomvi wa nani alipiga pasi. Maji yanatoka saa tisa za usiku, mtu anaamka kujaza simtanki. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyefariki 1888, alileta mjini maji ya chemchemi za Bububu, na sisi mpaka leo tunayavizia usiku! Nyumbani nakupenda, lakini hili linatia hasira.

Basi binamu, na wengine mnaofunga mizigo: kabla hujatia saini, mtake mwenye nyumba bili mbili za nyumba hiyohiyo, ya Agosti na ya Januari. Muulize maji, taka na joto vimo ndani ya kodi au viko nje. Akikataa kukuonyesha, tafuta nyumba nyingine.