Simba wawili wa Serengeti

Sisi wanaume wa jumuiya yetu hapa Igoma tulizoea kusali bila mwenzetu mmoja. Tangu amzike mkewe hakuja tena, nasi tulisema tumwache apumzike. Ukweli ni kwamba tuliogopa machozi yake. Mwanza hana ndugu.

Mwaka huo tulichanga, tukakodi Kosta hadi Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Tuliwakuta simba dume wawili wamelala, mmoja ameegemeza kichwa mgongoni mwa mwenzake. Muongozaji akatueleza: dume akifikia miaka miwili mitatu hutolewa kundini kwao. Akibaki peke yake, ni vigumu sana apate kundi na kulilinda. Hivyo hushikamana na ndugu zake. Akiwakosa, hushikamana na dume mgeni kabisa. Watafiti waliofuatilia simba wa Serengeti kuanzia 1966 wameyaona hayo.

Kurudi, nyimbo zilikatika tangu Magu. Tuliposhuka Igoma hakuna aliyekwenda kwake. Saa tatu usiku tulibisha hodi.

“Tumsifu Yesu Kristo!”

Kimya. Tukarudia. Komeo likalia.

“Milele, amina. Mko wangapi? Viti viko viwili tu.”

Tukakaa chini.